Kwa nini miji ya Marekani iliwaka moto baada ya sheria za haki kupita?

Swali: Nafundisha historia sekondari, mkoani Morogoro. Mwanafunzi wangu ameniuliza jambo nikashindwa kumjibu. Rais Johnson alisaini Sheria ya Haki za Kiraia mwaka 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura mwaka 1965. Iweje Wamarekani weusi waanze kuchoma miji baada ya kupata sheria hizo, ilhali walivumilia miaka yote ya nyuma? Mwenzangu ofisini anasema hiyo ndiyo shukrani ya punda. Na je, moto ule uliwasaidia au uliwaharibia?

Jibu: Mwalimu, mpongeze mwanafunzi wako, maana swali lake Rais Lyndon Johnson mwenyewe lilimkosesha usingizi. Sheria ya kura aliisaini tarehe 6 Agosti 1965. Siku tano baadaye, jioni ya tarehe 11, askari wa barabarani alimsimamisha kijana mweusi karibu na mtaa wa Watts, Los Angeles, akimshuku kuendesha gari amelewa. Mama yake akafika, majirani wakatoka nje, maneno yakawa kusukumana, kusukumana kukawa virungu. Fujo zilizofuata zilidumu siku sita. Watu 34 walikufa, karibu 4,000 walikamatwa, na mali ya dola zipatazo milioni 40 iliteketea au kuporwa. Johnson alikuwa shambani kwake Texas. Msaidizi wake Joseph Califano alisimulia baadaye jinsi alivyompigia simu bila kujibiwa. Rais alikuwa ameumia. Alijiuliza imewezekanaje, baada ya yote aliyoyafanya.

Kwa hiyo mwenzako ofisini hayuko peke yake. Hata hivyo methali yake haiingii hapa. Inachukulia kwamba waliopata ndio waliochoma, na hapo ndipo hesabu inapokosewa. Sheria zile mbili zilijibu kilio cha Kusini. Moto uliwaka Kaskazini na Magharibi, kwa watu ambao kilio chao kilikuwa kingine kabisa na hakuna sheria iliyokuwa imekigusa. Ukitaka wanafunzi wako waelewe, wawekee ramani mbele kwanza, ndipo uwape tarehe.

Tuanze na Kusini. Fannie Lou Hamer alizaliwa wa mwisho kati ya watoto 20, wazazi wake wakilima pamba Mississippi kwenye shamba la tajiri kwa kugawana mavuno. Tarehe 31 Agosti 1962, akiwa mtu mzima wa miaka 44, alipanda basi na wenzake, jumla watu 18, wakaenda makao ya wilaya mjini Indianola kujiandikisha kupiga kura. Polisi walikuwa wakiwasubiri. Waliruhusiwa kuingia wawili wawili. Ndani kulikuwa na mtihani: unapewa kifungu cha katiba ya jimbo, unakinakili, kisha unaeleza maana yake kwa maandishi. Anayeamua kama umeeleza vizuri ni karani mzungu, na uamuzi wake hauna rufaa ya maana. Mwalimu mweusi mwenye shahada aliweza kufelishwa, na mzungu asiyejua kusoma vizuri akapita. Hamer alifeli. Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi na kumtoza dereva faini kwa kosa la kuendesha basi lenye rangi isiyofaa.

Jioni ile ile mwenye shamba, ambaye Hamer alikuwa amemfanyia kazi miaka 18, alimtaka aende kuifuta ile fomu au aondoke. Akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya tajiri, alikwenda kwa ajili yake mwenyewe. Usiku huo akawa hana kazi wala mahali pa kulala. Mwaka uliofuata, Juni 1963, alikamatwa mjini Winona akitoka kwenye mafunzo ya uraia, akapigwa ndani ya mahabusu hadi figo zikaumia, na athari zile alikuwa nazo mpaka anakufa.

Huo ndio ukuta ambao sheria za 1964 na 1965 zilijengwa kuubomoa. Ya kwanza ilifungua hoteli, migahawa, kumbi za sinema na ajira. Maseneta wa Kusini walijaribu kuizima kwa kuzungumza mfululizo kwa majuma na majuma, hadi tarehe 10 Juni 1964 Seneti ilipopiga kura 71 kwa 29 kuwanyamazisha. Ya pili ilifuta ile mitihani ya karani na kuipa serikali ya Washington uwezo wa kupeleka waandikishaji wake wenyewe, na ilipatikana baada ya waandamanaji kupigwa marungu na gesi kwenye daraja la Selma, Alabama, tarehe 7 Machi 1965, televisheni zikionyesha. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mississippi, ambako chini ya asilimia 7 ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa wameandikishwa, ilifika karibu asilimia 60 mwaka 1967. Kama ni shukrani, Mwalimu, hiyo ndiyo shukrani: walipofunguliwa mlango, walipanga foleni.

Sasa njoo Los Angeles, Chicago, Newark na Detroit. Huko mtu mweusi alikuwa akipiga kura miaka mingi. Mtu wa Watts hakuhitaji sheria ya 1965 ili aandikishwe. Wazazi wake au babu zake walikuwa wamehama Kusini. Kati ya 1910 na 1970 watu weusi wapatao milioni sita walifunga mizigo wakaenda kwenye viwanda vya Kaskazini na Magharibi. Walichokuta huko hakikuwa na kibao cha "Wazungu tu" mlangoni, na ndiyo maana kilikuwa kigumu kukipiga picha na kukionyesha kwenye taarifa ya habari.

Nyumba ndiyo ilikuwa kiini. Tangu miaka ya 1930 serikali yenyewe ilichora ramani za miji mikubwa na kupaka mitaa rangi kulingana na hatari ya kukopesha huko. Mtaa bora ulipakwa kijani, mtaa wa hatari ukapakwa nyekundu, na mtaa waliokaa weusi ulipakwa nyekundu karibu kila mara. Shirika la serikali la bima ya mikopo ya nyumba, lililoanzishwa mwaka 1934, lilidhamini mikopo ya mamilioni ya familia za wazungu kuhamia vitongoji vipya, na likakataa kudhamini mikopo kwenye mitaa ya weusi. Bila bima hiyo benki haikukopeshi.

Nitakuonyesha hilo lilivyokuwa mtaani North Lawndale, Chicago. Dalali anagonga mlango wa mzungu, anamtisha kwamba weusi wanaingia mtaani na bei ya nyumba itaporomoka. Mzungu anauza haraka, kwa bei ya kutupa. Dalali yule yule anaiuza nyumba ile kwa familia ya weusi kwa bei maradufu, na kwa kuwa hawana benki ya kuwakopesha, wanamlipa yeye kidogo kidogo kila mwezi. Hati ya nyumba inabaki mikononi mwa dalali hadi dola ya mwisho ilipwe. Wakikosa mwezi mmoja, baba amevunjika mguu kiwandani labda, wanatolewa nje na kila walicholipa kwa miaka yote kimepotea. Dalali anaileta familia nyingine na kuanza upya. Ili kulipa, mume anafanya kazi mbili, mke naye mbili, vyumba vinakodishwa kwa wapangaji, bomba likipasuka hakuna hela ya fundi. Kisha mzungu anapita na gari, anatazama, anasema hawa watu hawajui kutunza nyumba.

Martin Luther King alihamia kwenye fleti mtaani huko Januari 1966 ili kupigania jambo hili. Tarehe 5 Agosti aliongoza maandamano kuelekea mitaa ya wazungu karibu na bustani ya Marquette Park. Alipigwa jiwe kichwani. Akasema hadharani kwamba hajawahi kuona, hata Mississippi na Alabama, umati wenye chuki kama ule wa Chicago. Mtu aliyepita Birmingham na Selma hasemi maneno hayo kwa kutia chumvi.

Malcolm X alikuwa ameyasema mapema. Wasomaji wa huku wanamkumbuka kwa sababu alifika Dar es Salaam na Nairobi Oktoba 1964, miezi michache kabla ya kuuawa. Aprili mwaka huo, akihutubia Detroit, aliwaambia watu waache kuzungumzia Kusini, kwani ukiwa kusini mwa mpaka wa Kanada tayari uko Kusini. Wengi walimwona mchochezi. Mimi namwona kama mtu aliyekuwa akisoma ramani sawasawa.

Rudi sasa Watts. Mwaka 1963 bunge la jimbo la California lilikuwa limepitisha sheria ya kuzuia ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba nyingi. Wenye nyumba na madalali wakakusanya saini, suala likapelekwa kwa wananchi kwenye kura ya Novemba 1964, na takriban asilimia 65 ya wapigakura wakaifuta. Zingatia siku yenyewe. Ni uchaguzi ule ule ambao Johnson alishinda California kwa kishindo, na Marekani nzima kwa asilimia 61. Yaani mamia kwa maelfu ya watu waliingia kwenye chumba kimoja cha kura, wakampa kura Rais wa haki za kiraia, na kwenye karatasi hiyo hiyo wakasema mweusi asiwe jirani yangu. Miezi tisa baadaye Watts ikawaka. Nikiwa darasani huwa natumia muda mrefu kwenye tukio hili kuliko kwenye fujo zenyewe, kwa sababu linafuta ile dhana kwamba wazungu wa Kaskazini walikuwa marafiki waliokasirishwa na moto. Kura ilitangulia moto.

Juu ya nyumba waongezee polisi. Mkuu wa polisi wa Los Angeles, William Parker, alipoulizwa jinsi fujo zilivyoanza aliwafananisha watu wa Watts na nyani wa bustani ya wanyama. Alisema hivyo mbele ya waandishi wa habari, na akaendelea na kazi yake. Sasa pima mwenyewe vijana wa mtaa huo walikuwa wakikutana na nini usiku, pasipo waandishi. Hospitali kubwa ya karibu hawakuwa nayo. Iliyojengwa kutokana na mapendekezo ya tume ya uchunguzi ilifunguliwa mwaka 1972.

Mwanafunzi wako anauliza pia kwa nini hawakufanya hivyo zamani. Hapa inabidi nimsahihishe kidogo, kwani walifanya. Harlem, New York, ililipuka mwaka 1935, ikalipuka 1943, na ikalipuka tena Julai 1964, wiki mbili tu baada ya sheria ya kwanza kusainiwa, askari alipomuua kwa risasi mvulana wa miaka 15. Detroit ilipoteza watu 34 kwenye ghasia za 1943, wengi wao weusi. Na ukirudi nyuma zaidi, waliokuwa wakichoma walikuwa wazungu: Chicago mwaka 1919, Tulsa mwaka 1921, ambako mtaa mzima wa biashara za weusi uliteketezwa. Kinachoonekana kama uvumilivu wa miaka mingi ni historia ambayo haikufundishwa.

Lakini ni kweli kwamba miaka ya 1965 hadi 1968 ilikuwa na uzito wake, na sababu mojawapo ni umri. Tume niliyonayo akilini, nitaieleza hivi punde, iliwachunguza waliokamatwa na kugundua kwamba mshiriki wa kawaida hakuwa mgeni aliyetoka kijijini, wala hakuwa yule maskini wa mwisho. Alikuwa kijana aliyezaliwa na kukulia mjini humo humo, amewazidi kidogo elimu majirani wasioshiriki, kazi yake ni ya kubangaiza, na anaijua siasa vizuri. Baba yake alilinganisha Detroit na shamba la pamba, akaona nafuu. Yeye shamba la pamba hakulijua. Alilinganisha mtaa wake na vitongoji vya wazungu alivyoviona kwenye televisheni, na alikuwa amemsikia Rais wa nchi yake akitangaza vita dhidi ya umaskini.

Johnson alilijua hili, na ndiyo maana namheshimu na kumsikitikia kwa pamoja. Tarehe 4 Juni 1965, miezi miwili kabla ya Watts, alihutubia Chuo Kikuu cha Howard akasema huwezi kumchukua mtu aliyefungwa minyororo miaka mingi, ukamfungua, ukamsimamisha kwenye mstari wa kuanzia mbio na kumwambia sasa shindana na wengine, halafu ukaamini umetenda haki. Alisema uhuru peke yake hautoshi, kinachotakiwa ni usawa unaoonekana katika matokeo. Jibu la swali lake la Agosti alikuwa amelitoa mwenyewe mwezi Juni.

Tatizo likawa fedha na moyo wa kuitekeleza hotuba hiyo. Sitaki udharau alichofanya: bima ya afya ya wazee na ya maskini ilisainiwa tarehe 30 Julai 1965, na kiwango cha umaskini kwa hesabu za serikali kilishuka kutoka asilimia 19 mwaka 1964 hadi asilimia 12 mwaka 1969. Hayo ni mafanikio ambayo nchi nyingi hazijayaona. Lakini ofisi maalumu ya kupambana na umaskini ilianza na bajeti isiyofika dola bilioni moja kwa nchi nzima, huku Vietnam ikimeza fedha, vijana na masikio ya Rais. Mwishoni mwa 1967 kulikuwa na wanajeshi wa Kimarekani karibu 485,000 kule. King alipoipinga vita hiyo hadharani tarehe 4 Aprili 1967, kwenye kanisa la Riverside mjini New York, magazeti yaliyokuwa yakimsifu yalimgeuka.

Na moyo wa Bunge? Hapa nataka usimame kidogo, Mwalimu, kwa sababu kuna siku moja ambayo kwangu inaeleza mengi kuliko takwimu. Julai 1967 serikali ilipeleka Baraza la Wawakilishi muswada mdogo wa dola milioni 40 kwa miaka miwili, kusaidia miji kuangamiza panya. Panya lilikuwa jambo la kweli kwenye nyumba mbovu za kupanga: watoto wachanga waling'atwa vitandani usiku, na wazazi walilala kwa zamu. Newark ilikuwa imetoka kuwaka wiki ile ile, watu 26 wamekufa. Tarehe 20 Julai wabunge walianza kuuchangia muswada kwa mzaha. Mmoja anasema hiki, ukumbi unaangua kicheko, mwingine anaongeza utani kuhusu panya na haki za kiraia, kicheko kingine. Wakaukataa hata kuujadili, kura 207 kwa 176. Baadaye mwaka huo, baada ya aibu kuenea, fedha zilipatikana. Lakini kicheko kilikuwa kimeshasikika.

Siku tatu baada ya kicheko hicho ilikuwa Detroit. Usiku wa manane kuamkia Jumapili tarehe 23 Julai, polisi walivamia kilabu cha pombe kisicho na leseni kwenye barabara ya 12. Walitarajia watu wachache. Wakakuta zaidi ya 80, wakiwasherehekea askari wawili waliorudi salama kutoka Vietnam. Badala ya kuwaacha, wakaamua kuwakamata wote. Magari hayakutosha, ikachukua zaidi ya saa moja kuwasomba, na barabara ikajaa watu wakitazama ndugu na jirani zao wakisukumwa. Chupa ya kwanza ikarushwa. Wengi wa mtaa ule walikuwa wamebanana hapo baada ya mitaa yao ya zamani, Black Bottom na Paradise Valley, kubomolewa kupisha barabara kuu na majengo mapya. Watu 43 walikufa, zaidi ya 7,000 walikamatwa, na Johnson alilazimika kupeleka jeshi lenyewe, askari wa miavuli. Detroit, ambayo meya wake Jerome Cavanagh alisifiwa kama mfano wa mageuzi na ilikuwa imepata fedha nyingi za vita dhidi ya umaskini!

Hapo ndipo ilipoundwa tume niliyoigusia, ya wajumbe 11 chini ya Gavana Otto Kerner wa Illinois. Hawakuwa wanamapinduzi. Walikuwamo maseneta, wabunge, meya wa New York, mkuu wa polisi wa Atlanta, mfanyabiashara mkubwa. Weusi walikuwa wawili tu. Rais aliamini huenda kuna njama iliyopangwa. Tume haikuona ushahidi wa njama yoyote. Ilichoona, na kuandika bila kupepesa macho mwishoni mwa Februari 1968, ni kwamba taifa linaelekea kuwa jamii mbili, ya weusi na ya wazungu, zilizotengana na zisizo sawa. Na kwamba mitaa ile ya dhiki iliundwa na taasisi za wazungu, inatunzwa nazo, na jamii ya wazungu inaridhia. Malalamiko matatu yaliyotia fora kila mji yalikuwa mwenendo wa polisi, ukosefu wa kazi, na nyumba. Si kura. Si mgahawa. Mwanasaikolojia Kenneth Clark aliiambia tume kwamba alikuwa amesoma ripoti ya fujo za Chicago za 1919, za Harlem za 1935, za Harlem za 1943 na ile ya Watts, akaona ni filamu ile ile inarudiwa: uchambuzi ule ule, mapendekezo yale yale, na uzembe ule ule. Johnson aliipokea ripoti kwa baridi na hakuifanyia kazi iliyostahili.

Sasa swali lako la pili. Je, moto uliwasaidia?

Sitakujibu kwa kuzunguka: kwa sehemu kubwa uliwaharibia, na walioumia zaidi ni wale wale wa mtaani. Wengi wa waliokufa walikuwa weusi, aghalabu kwa risasi za polisi na askari wa akiba. Maduka yaliyochomwa mengi hayakurudi, bima ilipanda, wenye uwezo wakahama, na thamani ya nyumba za weusi kwenye miji iliyopigwa ikaporomoka kwa miaka mingi. Kisiasa, uchaguzi wa Novemba 1966 ulikipokonya chama cha Johnson viti 47 katika Baraza la Wawakilishi, na California ikamchagua Ronald Reagan kuwa gavana. Mwaka 1968 Richard Nixon alishinda urais kwa asilimia 43 dhidi ya 42 na kitu za Hubert Humphrey, akihubiri sheria na utulivu, huku George Wallace, gavana wa zamani wa Alabama aliyepinga haki za weusi waziwazi, akipata zaidi ya asilimia 13. Mtafiti wa siasa Omar Wasow alichapisha mwaka 2020 uchunguzi uliolinganisha wilaya za wapigakura wazungu, akaona kwamba maandamano ya amani yalisogeza kura kuelekea Democrat, chama cha Johnson, na ghasia zikazisogeza kwa Republican, chama cha Nixon.

Lakini kumbuka nilivyokwambia kuhusu California. Wallace huyo huyo alikuwa amepata karibu theluthi ya kura za mchujo wa Democrat jimboni Wisconsin, na zaidi ya asilimia 40 Maryland, katika majira ya kuchipua ya 1964, kabla hata Sheria ya Haki za Kiraia haijasainiwa na kabla ya jiwe lolote kurushwa Watts. Anayesema wazungu wa Kaskazini walikuwa tayari kugawana mitaa, shule na kazi, kisha fujo ndizo zilizowabadili nia, hana tarehe za kumuunga mkono. Fujo ziliwapa wanasiasa lugha ya kusema hadharani kilichokuwa kimeshasemwa kwenye chumba cha kura.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi hulileta kama ushahidi wa faida, nalo ni Sheria ya Makazi ya 1968. King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka 1,300 waliogoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mashine ya gari la taka. Miji zaidi ya 100 ikalipuka, moshi ukaonekana kutoka Ikulu ya Washington. Wiki moja baadaye, tarehe 11 Aprili, Johnson akasaini sheria inayokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba. Inaelekea kana kwamba moto uliizaa sheria. Lakini Seneti ilikuwa imeipitisha tayari tarehe 11 Machi, King akiwa hai, siku chache baada ya ripoti ya Kerner kutoka. Kilichobaki ni Baraza la Wawakilishi, na huko msiba na moto viliharakisha kura. Na ili ipite, ilikuwa imeng'olewa meno. Mtu aliyenyimwa nyumba aliweza kupeleka malalamiko wizarani, na wizara ikaruhusiwa kumwita mwenye nyumba na kumsihi wapatane. Akikataa kusihiwa, mlalamikaji ajitafutie wakili, na muda wa kwenda mahakamani ulikuwa mfupi. Uwezo wa kweli wa kumfikisha mbaguzi mbele ya hakimu na kumtoza, wizara iliupata mwaka 1988, miaka 20 baadaye, wakati watoto wa zile familia za North Lawndale walishakuwa watu wazima wanaotafuta nyumba zao wenyewe.